Matabibu wa meno na mafunzo ya kujitangaza mitandaoni: Usirudi na cheti tu

Safu hii kwa kawaida huzungumza na mwenye jino linalouma. Leo tunamgeukia yule anayelitibu: daktari wa meno, tabibu wa meno, muuguzi anayemsaidia, na yule kijana wa mapokezi ambaye ndiye anayeshika simu ya kliniki kutwa nzima. Hata hivyo wewe mgonjwa usilikunje gazeti, kwani habari yenyewe inakuhusu, na huenda inakuhusu wewe zaidi kuliko wao.

Sababu ya kuandika haya ni dada mmoja ambaye huvaa nikabu. Alikwenda kliniki kujaziwa pembe ya jino la mbele iliyovunjika. Kazi ilifanyika vizuri, wala hana malalamiko nayo. Kabla hajashuka kwenye kiti aliombwa apigwe picha ya meno, akaambiwa ni ya kumbukumbu ya faili. Akakubali, maana daktari ni daktari. Siku nne baadaye shemeji yake akampelekea picha hiyo hiyo kwenye simu, ameitoa kwenye ukurasa wa Instagram wa kliniki ile: kabla na baada, na chini yake maneno ya kuisifu kazi. Uso haukuonekana wote, ilikuwa kuanzia chini ya pua hadi kidevuni. Lakini dada huyu ana doa jeusi karibu na mdomo, na kwa wanaomjua doa lile lilitosha. Aliponisimulia aliuliza jambo moja tu: "Mimi nilimfunulia daktari. Hawa wengine nani kawaita?"

Nilimtafuta aliyeiweka picha ile. Ni kijana mpole, na aliponijibu alinijibu kwa uso mkavu kabisa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya siku mbili ya kutangaza biashara kupitia mitandao ya kijamii, na mwezeshaji aliwaambia kuwa picha ya kabla na baada huvuta macho kuliko kitu kingine chochote. Waama, mwezeshaji hakusema uongo. Ila alikuwa mtu aliyezoea kutangaza makochi na mapazia, na kochi halina shemeji.

Mafunzo ya namna hii sasa yamekuwa mengi. Yapo ya hotelini yenye chai na chakula cha mchana, yapo ya kwenye grupu la WhatsApp kwa ada ndogo, na yapo ya bure, kama yale ya Meta Blueprint yanayotolewa na kampuni inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp. Wataalamu wa meno wanayahudhuria, wanarudi na cheti, wanaposti kwa bidii wiki mbili, kisha ukurasa unalala. Au wanafanya kama yule kijana. Tuone basi namna ya kuyahudhuria yakafaa.

WAENDE AU WASIENDE?

Wapo madaktari wa zamani wanaoona kujitangaza ni aibu kwa fani. Ninawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Uwanja ukiachwa wazi hauwi mtupu, bali huingiwa na wengine, na hao wengine tayari wamo. Fungua simu yako usiku huu utafute habari za kung'arisha meno. Utaambiwa usugue kwa limao na magadi, utaambiwa usugue kwa mkaa uliosagwa, utauziwa dawa isiyo na jina la mtengenezaji, na utaonyeshwa meno ya kubandika ambayo mtu huyapachika juu ya meno yake mwenyewe, kumbe chini yake yanaoza. Limao ni tindikali, nayo hula tabaka gumu la nje la jino, na tabaka hilo likishaondoka halioti tena.

Na kuna jambo zito zaidi ya weupe wa meno. Katika sehemu nyingi za nchi yetu bado kuna watu wanaoamini kuwa mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ana "meno ya plastiki", wengine husema "meno ya nailoni". Wanachokiona ni ncha nyeupe ya jino la utotoni lililo chini ya ufizi, ambalo ni la kawaida kabisa. Basi huchimbuliwa kwa kisu, kwa kucha au kwa chuma kilichonolewa. Mtoto huvuja damu, huweza kupata pepopunda na maambukizi mengine, na akisalimika, jino lake la ukubwani huweza kuota limeharibika au lisiote kabisa. Wakati huo huo ile homa na kuharisha kulikoanzisha yote havijatibiwa. Sasa mama kijana wa leo, kabla hajakwenda kwa mkunga au kwa bibi, huuliza kwanza kwenye simu. Swali ni nani atakayemjibu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa na meno, na kwamba watatu katika kila wanne kati yao wako katika nchi za kipato cha kati. Kwetu hapa sehemu kubwa ya wagonjwa hufika kwa daktari wa meno siku ambayo jino halina tena la kufanywa ila kung'olewa. Yule anayeweza kumfikia mtu miezi sita kabla ya siku hiyo, hata kwa video ya dakika moja, amefanya kazi ya tiba. Kwa hiyo waende.

KABLA YA KULIPA ADA

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya semina kuanza. Mtu huenda mikono mitupu akitegemea kupewa kila kitu huko. Chukua daftari la mapokezi la miezi mitatu iliyopita, kaa nalo jioni moja, uhesabu. Wangapi walikuja kung'oa? Wangapi kuziba, wangapi kusafishwa ukoga na ugaga, wangapi walileta watoto? Siku gani kiti kinakaa bure? Kliniki nyingi zitakuta, kwa mfano, kuwa Jumatatu kuna foleni na Jumatano asubuhi hakuna mtu. Kisha waulize wagonjwa wa wiki moja tu walikujuaje. Usishangae wengi wakisema waliambiwa na jirani au waliona kibao barabarani.

Ukishapata hesabu hizo, chagua jambo moja unalolitaka. Jambo moja, si saba. "Nataka wafuasi wengi" si jambo. "Nataka wanaokuja kuziba jino wafikie nusu ya wanaokuja kung'oa" ni jambo. "Nataka wazazi walete watoto wenye miaka sita, pale magego ya kwanza ya ukubwani yanapoota" ni jambo zuri zaidi, kwani wazazi wengi hawajui kuwa magego yale huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, wakayaona ni ya utotoni wakayaachia yakaoza. Ukienda na jambo lako mkononi, kila somo utakalofundishwa utalipima nalo: hili linanisaidia, hili la wauza viatu.

Pili, muulize mwezeshaji maswali kabla hujatoa fedha yako. Amewahi kufanya kazi na kliniki au hospitali? Atafundisha lolote kuhusu siri ya mgonjwa? Masomo yake aliyaandaa lini? Swali hili la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Januari 2018 Facebook ilitangaza kubadili mpangilio wake ili watu waone zaidi habari za ndugu na marafiki, na habari za kurasa za biashara zikashushwa. Anayekufundisha leo kuwa ukiwa na wafuasi elfu kumi basi watu elfu kumi wataliona tangazo lako, anakufundisha mambo yaliyopita.

Tatu, nani aende? Mara nyingi huenda mwenye kliniki peke yake, ambaye kwa siku ana wagonjwa kumi na tano na hana hata nafasi ya kunywa chai. Anayejibu ujumbe ni yule wa mapokezi, na yeye ameachwa nyumbani. Kama ada ya watu wawili haipatikani, basi afadhali aende wa mapokezi, na daktari amkabidhi kwa maandishi mipaka ya kutovuka.

UKIWA DARASANI

Mafunzo haya yana tabia ya kukurushia mitandao yote kwa pamoja: Facebook, Instagram, TikTok, YouTube na kadhalika. Usiyabebe yote. Chagua mmoja ambao wagonjwa wako wamo, pamoja na WhatsApp, kwa sababu WhatsApp ndiyo mlango ambao Mtanzania huingilia akitaka kuuliza bei. Hakikisha unatoka darasani umeijua vizuri WhatsApp ya biashara, iliyotolewa mwaka 2018 na ambayo ni ya bure. Ndani yake unaweka saa za kazi, ramani ya kliniki, majibu yaliyoandikwa tayari kwa maswali yanayojirudia, na ujumbe unaojituma wenyewe usiku ukiwa umefunga. Huo ujumbe wa usiku uandike kwa makini. Usiishie "tumefunga, karibu kesho". Mwambie mtu kuwa akiwa na uvimbe unaoenea shingoni au jichoni, au anashindwa kumeza au kupumua, asisubiri kesho, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Hapa niseme jambo ambalo sijaliona likisisitizwa vya kutosha. Usiwaweke wagonjwa wako kwenye grupu. Katika grupu kila mmoja anaiona namba ya mwenzake, kwa hiyo umetangaza nani na nani ni wagonjwa wako. Ipo njia nyingine ndani ya WhatsApp, orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi, ambayo huchukua hadi watu 256, na kila mmoja hupata ujumbe kama vile umemwandikia yeye peke yake. Sharti lake ni kuwa mtu awe ameihifadhi namba yako kwenye simu yake, vinginevyo ujumbe haumfikii. Basi kazi ya mapokezi ni ndogo: mgonjwa anapoondoka aulizwe kama anapenda kupata mawaidha ya afya ya meno kwa WhatsApp, na akisema ndiyo, aihifadhi namba pale pale. Akisema hapana, aachwe na amani yake.

Fanya mazoezi kwenye simu yako mwenyewe, pale pale ukumbini, mwezeshaji akikuona. Anayeandika nukuu tu bila kugusa simu atazikuta nukuu hizo kwenye droo mwakani.

Ama kuhusu nini cha kuposti, hapo ndipo wengi hukwama, na hapo ndipo matabibu wa meno wana utajiri ambao muuza makochi hana. Kila siku kitini unaulizwa maswali. Yaandike. Je, kung'oa jino la juu kunapofusha? Hapana, na ni vyema useme kwa nini. Je, mjamzito anaweza kutibiwa meno? Fizi zangu zinatoa damu nikipiga mswaki, niache? Mwezi wa Ramadhani maswali hubadilika: sindano ya ganzi inaharibu funga? Na damu ya ufizi? Hapa mtaalamu ajibu lile la afya, na hukumu ya funga amwachie sheikh, lakini anaweza kabisa kutangaza kuwa kliniki itakuwa wazi baada ya tarawehe, na hilo peke yake litawaondolea watu wengi tabu ya kuvumilia jino mwezi mzima.

Nikupe mfano wa ujumbe mmoja ambao ningependa kila kliniki iurushe, hasa wakati wa likizo za shule:

"Mtoto ameanguka na jino la ukubwani limetoka lote? Liokote kwa kushika sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kidogo kwa maziwa, usilisugue. Kama mtoto ni mtulivu, lirudishe kwenye tundu lake, ang'ate kitambaa safi. Ukishindwa, liweke ndani ya maziwa, usiliweke kwenye maji wala usilifunge kwenye karatasi likakauka. Njoo kwa daktari wa meno haraka, ikiwezekana ndani ya nusu saa. Jino la utotoni likitoka usilirudishe, lakini mlete mtoto aangaliwe."

Ujumbe huu haumsifu daktari yeyote na hautaji bei. Lakini mzazi atautuma kwa mwenzake, mwenzake kwa walimu, na siku ajali ikitokea watakwenda kwa nani? Ndiyo maana siku ya tarehe 20 Machi, ambayo ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, ni bora kuandaa ujumbe wa namna hii mapema kuliko kuweka picha ya wafanyakazi wamevaa fulana.

PICHA YA MGONJWA

Sasa turudi kwa yule dada. Kinywa cha mtu ni amana. Lakini hata asiyejali neno hilo ana sheria ya kujali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu zimo katika zile zinazohesabiwa kuwa nyeti. Ipo Tume inayosimamia sheria hiyo na kupokea malalamiko. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, na haijabaki kwenye makabati: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na mgahawa mmoja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ikiwa mtu aliyekaa mgahawani anakula ana haki hiyo, je, aliyekaa kwenye kiti cha meno mdomo wazi?

Idhini ya kweli ina sura yake. Iwe ya maandishi, kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Itofautishe picha ya faili na picha ya tangazo, maana hizo ni idhini mbili. Itaje picha itawekwa wapi. Imwambie kuwa akikataa atatibiwa vile vile, na akibadili mawazo ataambia nani. Na isiombwe akiwa amelala kitini, ganzi imemshika mdomo na mtu mwenye koti jeupe amemwinamia, kwani pale hakuna anayekataa. Iombwe mapokezi, amekaa wima, amevaa viatu vyake. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye atakayeamua, na mimi kwa upande wangu ningemshauri akatae.

Kuficha macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Doa, mwanya, kovu, pete ya puani, hata ukucha uliopakwa hina pembeni ya picha humtambulisha mtu. Zaidi ya hayo, simu nyingi huandika ndani ya picha tarehe na saa, na kama kipimo cha mahali kimewashwa, huandika na mahali. Tena ikiwa picha imepigwa kwa simu binafsi ya mfanyakazi, mara nyingi nakala yake huenda yenyewe kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, ambako kliniki haina mkono. Kliniki iwe na simu yake, na picha zibaki humo.

Na kusema kweli picha ya mgonjwa haihitajiki sana. Yapo meno ya plasta ya kufundishia, ipo michoro, upo mkono wa daktari ukionyesha namna ya kushika mswaki au kuchonga miswaki. Video ya miswaki iliyotafunwa vizuri, na inavyosuguliwa kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, haina siri ya mtu ndani yake.

AHADI NA MATUSI

Kuna mgonjwa mmoja wa kaskazini ambaye matangazo haya humwinda kuliko wengine. Ni yule aliyekulia Arusha, Kilimanjaro au Manyara akinywa maji yenye madini mengi ya floraidi, meno yake yakaota na rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji; katika maeneo kadhaa ya huko maji huzidi hapo kwa mbali, na magadi ya kupikia huongeza. Rangi ile imo ndani ya jino, haitoki kwa mswaki wala kwa unga wa kusugua. Mara nyingi ni kijana aliyezoea kufunika mdomo kwa kiganja akicheka. Kliniki inayomwandikia "meno meupe kwa siku moja, uhakika asilimia mia" inamchezea. Ipo tiba, hutegemea ukali wa hali yenyewe, na nyingine hudai jino likwaruzwe kidogo kisha lifunikwe, jambo ambalo likishafanyika halirudi nyuma. Hayo ndiyo ya kumwambia. Kwa hiyo kabla hujakwenda semina, pata kanuni za maadili za Baraza la Madaktari Tanganyika, usome zinasemaje kuhusu kujitangaza, uziweke mkobani. Mwezeshaji akisema jambo linalogongana nazo, unajua la kufuata.

Facebook na Instagram zenyewe zina masharti yao: tangazo la kulipia linalomwambia msomaji moja kwa moja kuwa ana ugonjwa fulani, mfano "wewe mwenye meno yaliyooza", hukataliwa. Kusema "tunatibu meno yaliyooza" ni kitu kingine.

Ama ukitukanwa mtandaoni, na utatukanwa, subiri kwanza hasira ishuke. Mwaka 2019 kliniki moja ya meno ya Dallas, Marekani, ilikubali kulipa dola 10,000 kwa serikali baada ya kumjibu mgonjwa aliyeilalamikia hadharani, na katika kumjibu ikataja jina lake la ukoo na habari za matibabu yake. Mwaka 2022 daktari wa meno wa North Carolina alitozwa dola 50,000 kwa kosa la aina hiyo hiyo. Wote wawili huenda walikuwa na haki katika ugomvi wenyewe, lakini siri ilikuwa ya mgonjwa. Jibu la kufaa ni fupi, na lisikubali wala kukanusha kuwa mtu huyo ni mgonjwa wako: "Tunajali malalamiko ya kila mtu, tafadhali tupigie au fika ofisini tulizungumze." Basi. Mengine yasemwe mlango ukiwa umefungwa.

UKIRUDI KAZINI

Wiki ile ile ya kurudi, fanya mambo mawili ya ofisini ambayo hayana raha. La kwanza, hakikisha ukurasa umefunguliwa kwa namba na barua pepe ya kliniki, si ya kijana wa mapokezi, na neno la siri linajulikana na watu wawili. Zipo kliniki zilizopoteza ukurasa wa miaka minne kwa sababu aliyeufungua aliolewa akahamia Mwanza. La pili, panga nusu saa mbili kwa wiki, ziandikwe kwenye ratiba kama mgonjwa, za kuandaa ujumbe. Ukisubiri upate nafasi hutaipata.

Ukitoa fedha ya tangazo, ihesabu kama unavyohesabu ganzi. Tuseme umetumia shilingi 60,000 na wagonjwa 12 wakaja kwa tangazo hilo. Kila mmoja amekugharimu 5,000. Si vibaya. Lakini ikiwa ulitaka wa kuziba, na kumi kati yao wamekuja kung'oa, tangazo limeleta watu na halijaleta ulichokitaka, kwa hiyo maneno yabadilishwe kabla hujaongeza fedha. Hesabu ya laiki waachie wengine.

Baada ya miezi mitatu rudi kwenye lile daftari la mapokezi, uhesabu tena kama ulivyohesabu mwanzo.

Nawe ndugu mgonjwa, ukiona tangazo la meno likakuvutia, tafuta mambo mawili matatu humo: jina kamili la daktari, mahali kliniki ilipo, na kama hujaridhika uliza amesajiliwa wapi. Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar nayo ina chombo chake. Asiyetaka kulitaja jina lake usimpe mdomo wako. Na ukiombwa picha, uliza ni ya faili au ya ukurasa.

Yule dada picha yake iliondolewa siku ile ile aliyolalamika, kijana akaenda nyumbani kwao pamoja na daktari wake kuomba radhi, wakapokewa kwa chai. Pale mapokezi sasa kuna karatasi ya idhini yenye visanduku viwili, kimoja cha faili na kimoja cha tangazo. Niliiomba niione. Katika karatasi ishirini na tatu zilizokuwa zimejazwa, kisanduku cha pili kilikuwa kimewekwa alama na watu wanne.